Bruno na Mbuzi wa Ngong: Uchambuzi wa Kisa cha Mbwa Aliyefunguliwa Kamba Mapema

Mimi ni mkufunzi wa mbwa. Mwenye mbwa ameniruhusu kukieleza kisa hiki mradi nisimtaje, na jina la mbwa nimelibadilisha. Tumwite Bruno. Ni Malinois dume, mbwa wa asili ya Ubelgiji ambao siku hizi wameenea Nairobi kwa sababu polisi na makampuni ya ulinzi huwapenda, na watu wakiwatazama kwenye simu wakiruka kuta hutamani nao wawe na mmoja uani. Siku ya tukio alikuwa na umri wa miezi tisa: mguu mrefu, kifua bado chembamba, na nguvu ambazo hata yeye mwenyewe hakujua azipeleke wapi.

Jumamosi hiyo alipelekwa Ngong Hills na mama mwenye mbwa pamoja na marafiki waliokuwa na mbwa wao wawili. Waliingia kwa lango la upande wa mji wa Ngong, wakapita mitambo ya upepo, wakaanza kupanda na kushuka vile vilima vinavyofuatana kuelekea Lamwia, kilele cha mita 2,460. Bruno alikuwa akivuta kamba tangu langoni, viganja vya mwenyewe vimekuwa vyekundu. Wale mbwa wengine walikuwa huru. Mmoja wa marafiki akasema, "Mwachilie tu, si nyumbani akiitwa anakuja?" Akamwachilia.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Bruno alitangulia, akarudi, akawazunguka watu, akatangulia tena. Walipofika mahali njia inapodidimia kati ya vilima viwili, upepo ukiwapiga kutoka mashariki, alisimama ghafla, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, pua ikifanya kazi. Chini yao, kwenye mteremko wa upande wa Kiserian, palikuwa na kundi la mbuzi na kondoo na kijana mmoja akiwachunga. Kabla mtu hajasema neno, Bruno alishafika nusu ya mteremko.

Mwenye mbwa aliita. Aliita jina, akaita "njoo", akaita vyote pamoja huku akishuka mbio, na marafiki nao wakishuka nyuma yake wakiita. Kundi lilipasuka pande mbili. Mbuzi mmoja aliumwa paja la nyuma, kondoo mmoja akatumbukia kwenye korongo na kukwaruzika, na mbuzi jike mwenye mimba, ambaye Bruno hakumgusa hata kidogo, alikimbizwa umbali mrefu na baada ya siku chache akatupa mimba. Jiwe la yule kijana lilimpata Bruno ubavuni. Hapo ndipo alipoacha, akarudi akichechemea, masikio nyuma. Tushukuru lilikuwa jiwe. Wapo mbwa waliokutana na mkuki kwa kosa hilo hilo, na mfugaji aliyefanya hivyo hakulaumiwa na mtu yeyote mwenye akili timamu.

Mwenye mbwa aliponipigia simu swali lake lilikuwa hili: "Mwalimu, huyu mbwa ni mkaidi, au nimenunua mbwa mkatili?"

Nilimjibu kwamba Bruno hakuwa amefundishwa jambo lolote ambalo angeweza kulikaidi. Bado naamini hivyo. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu naona kikirudiwa kila wikendi, kwa majina mengine na kwenye vilima vingine, na kila mara lawama humwangukia mbwa.

Tuanze na upepo, kwa kuwa hakuna aliyeufikiria. Nilirudi na mwenye mbwa mahali palepale, Bruno akiwa ameachwa nyumbani. Nilimwomba ashuke mpaka pale mbuzi walipokuwa, nami nikabaki juu nikaita kwa sauti yangu yote. Aliponitumia ujumbe kuuliza kama nimeshaanza, nilikuwa nimeita mpaka koo linawasha. Upepo wa Ngong mara nyingi hutoka mashariki, na ndio ulioleta harufu ya mbuzi juu kwenye njia mpaka puani mwa Bruno. Upepo huohuo ndio ulioibeba sauti ya mwenye mbwa na kuitupa nyuma yake, upande wa Bonde la Ufa. Mbwa anayefuata harufu hukimbia akiukabili upepo, na anayemwita kutoka nyuma huwa anaita dhidi ya upepo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba Bruno, alipofika nusu ya mteremko, hakusikia kitu. Anayepanda milima na mbwa na aujue upepo unatoka wapi kabla hajaigusa ile ndoana ya kamba.

Hata hivyo, tuseme alisikia. Angerudi? Nadhani asingerudi, na sababu iko nyumbani.

Nilimwomba mama huyu aandike, kwa siku chache, kila mara mtu yeyote nyumbani anapomwambia Bruno "njoo", na kinachofuata baada ya hapo. Orodha aliyoniletea ilinieleza zaidi ya saa nzima ya mazungumzo. Alfajiri askari wa langoni humwita Bruno amfungie kibandani, kwa kuwa usiku huachwa huru kulinda na mchana hufungwa mpaka watu warudi kutoka kazini. Jumamosi huitwa aogeshwe dawa ya kupe. Mtoto humwita ampokonye kiatu. Akimbwekea paka wa jirani huitwa, na akifika hukaripiwa. Akichezacheza nje ya geti huitwa, kamba inafungwa, mchezo umekwisha. Katika orodha yote sikupata hata mara moja ambapo kuitika kulimpa Bruno kitu alichokipenda. Kwake wito ulikuwa kama kengele ya shule inayomaliza mapumziko: kila mtoto anaisikia, na kila mtoto huongeza mzunguko mmoja wa mwisho kabla ya kwenda.

Nyumbani aliitika kwa sababu hapakuwa na kitu bora cha kufanya. Hilo ndilo lililomdanganya yule rafiki aliyesema "si nyumbani akiitwa anakuja". Mbwa hajifunzi amri ikaelea hewani, akaibeba kwenda nayo popote. Hujifunza amri pamoja na mahali, pamoja na mtu aliyeitoa, pamoja na harufu zilizopo na zisizokuwepo. "Njoo" ya uani, kuta nne na askari mmoja, ni somo tofauti kabisa na "njoo" ya mlimani mbuzi arobaini wakikimbia. Bruno alikuwa amefanya mtihani wa somo ambalo hajawahi kuliona.

Umri nao ulichangia. Mwaka 2020, Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle huko Uingereza na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mbwa waliokuwa wakilelewa ili waje kuwaongoza vipofu. Walipofika miezi minane, mbwa hao walikuwa wazito zaidi kutii amri ya kukaa inapotolewa na mlezi wao kuliko walipokuwa na miezi mitano, ilhali kwa mtu mgeni hali haikuharibika hivyo. Yaani ujana wa mbwa huelekezwa kwa yule yule aliyemlea. Nimewaona watu wengi wakimpenda mbwa wao akiwa mtoto kwa sababu anawafuata kila mahali, wakadhani hayo ni mafunzo. Mtoto wa mbwa hufuata kwa kuwa anaogopa kubaki peke yake. Hofu hiyo ikiisha, karibu na miezi sita au saba, hubaki kile ulichokijenga.

Halafu kuna asili yake. Raymond na Lorna Coppinger, waliotumia maisha yao kuchunguza mbwa wa kazi, walieleza uwindaji wa mbwa kama mnyororo wa vitendo: kugundua windo, kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza, kuuma, kuua, kurarua. Binadamu kwa vizazi vingi amekuwa akichagua pete zipi za mnyororo huo zikazwe na zipi zilegezwe katika kila aina ya mbwa. Malinois alitokana na mbwa wa kuchunga kondoo, na leo huzalishwa kwa ajili ya kukimbiza na kushika. Pete hizo mbili kwake zimekazwa sana. Kukimbiza hakuhitaji malipo mwishoni, kwa sababu mbio zenyewe ndizo malipo, na kila mara mbwa anapofanikiwa kukimbiza, hamu ya kurudia inakua. Ndiyo maana mbio moja ya mlimani inaweza kubomoa kazi ya miezi.

Asidhani mtu kwamba akiwa na mbwa mpole yuko salama. Mwaka 2011, mbwa aitwaye Fenton alipigwa picha katika Richmond Park, London, akilifukuza kundi zima la kulungu kuvuka barabara, mwenyewe akimkimbilia nyuma akiita jina lake bila kukoma. Fenton alikuwa Labrador, aina ambayo watu huwaachia watoto wao wachanga. Ukiitazama ile video utaona pia kosa ambalo marafiki wa Ngong walilifanya: walikimbia upande uleule anaokimbilia mbwa, wakipiga kelele. Kwa mbwa aliye katikati ya mbio hizo, hiyo ni habari njema. Kundi lake limeungana naye kuwinda.

Nimesema mengi juu ya mbwa, na mwenye hasara bado sijamtaja.

Mzee mwenye mbuzi alifika akitembea taratibu. Mama huyu alinieleza kwamba alichokitarajia ni matusi, na hakupata hata moja.

"Mama, huyu mbwa ni wako?"

"Ni wangu, mzee. Nisamehe sana."

"Amechanjwa?"

"Amechanjwa, mzee. Kadi iko nyumbani."

"Mimi niko hapa, mama. Kadi iko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuiuliza kabla ya kitu kingine chochote. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu na mifugo Kenya. Nchi ina mkakati wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana nacho, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka katika kila eneo. Mbuzi aliyeumwa na mbwa asiyejulikana huweza kuugua wiki au miezi baadaye, na anayemshika mdomo kumnywesha dawa ni mchungaji. Ilibidi mama apige simu nyumbani apigiwe picha ya kadi, na ndipo mzee alipokubali kuzungumza mengine. Tangu siku hiyo nawaambia wote ninaowafunza: picha ya kadi ya chanjo ikae kwenye simu, na karatasi yenyewe ikae kwenye mkoba.

Jambo la pili alilolisema mzee liliwashangaza wale marafiki. Alisema hata mbwa asiyekimbiza mbuzi humletea taabu, kwa kuwa watu huacha kinyesi cha mbwa kwenye malisho. Wamaasai wana ugonjwa wanaouita ormilo, ambapo kondoo huinamisha kichwa upande mmoja na kuzunguka mduara mpaka anakufa. Chanzo kimojawapo ni mayai ya tegu aitwaye Taenia multiceps, anayeishi tumboni mwa mbwa. Mayai hutoka na kinyesi, kondoo huyameza na majani, na uvimbe wenye maji hukua ndani ya ubongo wake. Mbwa naye huambukizwa kwa kula kichwa cha mnyama aliyekufa na ugonjwa huo. Mbwa wa mjini anayelishwa chakula kilichopikwa na kupewa dawa ya minyoo yenye praziquantel kwa ratiba ya daktari wa mifugo hana hatari kubwa, lakini mzee aliyesimama pale mlimani atajuaje? Kinyesi kiokotwe, kifungwe, kishuke na aliyepanda nacho. Mimi hili siliweki chini ya adabu za matembezi, naliweka pamoja na madeni.

Fidia ililipwa. Mama alirudi siku iliyofuata na mume wake, wakaketi na mzee na jamaa zake, wakakubaliana juu ya gharama ya daktari kwa mbuzi aliyeumwa. Mimba ilipotoka, alilipa tena bila kubishana kwamba Bruno hakumgusa yule mbuzi. Alifanya vyema. Mbuzi anayekimbizwa kwenye jua akiwa na mimba kubwa hahitaji kuguswa ili apoteze mtoto, na wafugaji wanalijua hilo kuliko sisi.

Sasa mafunzo. Alikuja kwangu akiwa tayari ameshauriwa anunue mkanda wa umeme, ule unaomshtua mbwa shingoni kwa kubonyeza kitufe. Nilikataa, na sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni ushahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 matokeo ya mbwa 63 wenye tatizo hasa la kutorudi wakiitwa. Baadhi walifunzwa kwa mikanda hiyo na wakufunzi waliobobea katika kuitumia, wengine wakafunzwa kwa malipo, na mikanda haikuonyesha faida yoyote juu ya malipo. Wales ilishaipiga marufuku tangu 2010. Sababu ya pili ni Bruno mwenyewe. Malinois ni mbwa mwepesi wa kuunganisha mambo. Ukimshtua akiwa anamtazama mbuzi, anaweza kuhitimisha kwamba mbuzi ndiye anayeuma, na ukajikuta na mbwa anayewachukia mbuzi badala ya anayewapenda kupita kiasi. Akihitimisha kwamba anayeuma ni mchungaji wa Kimaasai aliyevaa shuka nyekundu, hali itakuwa mbaya zaidi.

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kuliacha neno "njoo". Lilikuwa limeharibika, na kulitengeneza kungechukua muda kuliko kuanza upya. Tukanunua kipenga. Kipenga hakina hasira, hakitetemeki, na sauti yake ni ileile akipulize mama, mume wake au askari. Kwa siku za mwanzo kilipulizwa jikoni tu, Bruno akiwa hatua mbili kutoka kwenye bakuli: milio miwili mifupi, papo hapo maini. Maini yaliyochemshwa, yakakatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, vikitolewa kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyeruhusiwa kukijaribu kipenga "kuona kama anaelewa". Kutoka jikoni kikahamia barazani, kisha uani, kisha nyuma ya nyumba akiwa haoni mtu, kisha nje ya geti.

Kila alipofika alishikwa mkanda wa shingo kwa upole, akalishwa akiwa ameshikwa, kisha akaachiliwa: "Haya, nenda!" Hicho kipande cha mwisho ndicho kiini cha kazi yote. Mwanasaikolojia wa Marekani David Premack alionyesha, katika kazi aliyoianza kuchapisha mwaka 1959, kwamba jambo ambalo mnyama hulipenda sana laweza kuwa malipo ya jambo asilolipenda sana. Bruno alipenda uhuru kuliko maini. Basi uhuru ukawa ndio mshahara. Anayeitika anarudishiwa uhuru wake mara tisa katika kumi, na mara ya kumi anapofungwa kamba kwenda nyumbani haioni kama usaliti. Kushikwa mkanda nako kuna maana yake. Mbwa wengi huja mpaka hatua moja kutoka kwako, kisha wanaukwepa mkono, kwa sababu mkono umezoea kunyakua.

Askari wa langoni alikuwa mwanafunzi wangu bora. Nilimwomba asimwite tena Bruno alfajiri. Badala yake huingia kibandani mwenyewe, huficha vipande vya ugali na dagaa chini ya nyasi kavu, na Bruno huingia bila kuitwa kwa kuwa ndani kuna kazi ya kutafuta. Tuliona mabadiliko upesi. Mbwa anayenusa kwa makini nusu saa hulala vizuri kuliko aliyekimbizwa na baiskeli nusu saa. Watu wenye mbwa wa nguvu nyingi huamini dawa ni kuwachosha, lakini kumkimbiza mbwa kila siku kunamjenga kuwa mwanariadha, na mwezi unaofuata atahitaji mbio ndefu zaidi ili achoke.

Kisha ikaja kamba ndefu, na hapo ndipo tulipokaa miezi. Mita 10, nyepesi, aina isiyonyonya maji, ikifungwa kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si shingoni, kwa kuwa mbwa wa kilo 25 akifika mwisho wa mita 10 kwa kasi anaweza kuumia koo na shingo. Mwenye mbwa avae glavu na asiizungushe kamba mkononi. Kamba hii haimvuti mbwa kurudi. Kazi yake ni kuzuia asijilipe mwenyewe kwa kukimbiza wakati somo bado halijakaa.

Mbuzi tuliwapata karibu na Kiserian, kwa ruhusa ya mwenyewe, nao walikuwa upande wa pili wa ua. Tulitafuta umbali ambao Bruno angeweza kuwaona na bado akala. Maini ndiyo yalikuwa kipimo chetu. Mbwa anayepokea kipande na kukiacha kidondoke mdomoni, macho yamekaza mbele, amekwambia kwamba umekaribia mno, na hapo hakuna amri itakayopita masikioni mwake. Rudi nyuma. Mara ya kwanza tulirudi nyuma mpaka mbuzi wakawa madoa meupe na ya kahawia kwenye nyasi. Tulikaa chini. Bruno alisimama, mkia mgumu, paji la uso limejikunja. Hatukumwita. Tulingoja. Hatimaye sikio moja, la kushoto, likageuka kidogo kuelekea kwa mama. Sikio tu, kichwa bado kiko kwa mbuzi. Nikamwambia, "Sasa!" Akapuliza kipenga na kukimbia kinyume na mbuzi, akiburuta kipande cha gunia kilichosokotwa, na Bruno akageuka akamfuata kwa kasi yote, akalidaka gunia, wakavutana mpaka mama akakaa kwenye nyasi. Alikuwa amekimbiza na kushika kama asili yake ilivyotaka, na mbuzi hawakuwamo.

Kazi iliyobaki ilikuwa kulirudia hilo, hatua chache karibu zaidi, siku nyingine hatua nyingi mbali zaidi kwa sababu upepo umeleta harufu au mbuzi wamekimbia. Pembeni tulimfundisha "Lala" ya mbali, yaani kulala papo hapo alipo, hata mita nyingi kutoka kwa mwenyewe. Mbwa aliyeanza mbio husimama kwa urahisi kuliko anavyogeuka, na pakiwa na barabara kati yako na yeye hutaki arudi, unataka asimame. Mengine ya mlimani nayapitia haraka: maji ya mbwa yabebwe tofauti na ya watu, masikio na vidole vikaguliwe kupe mkifika nyumbani, na kwenye majani marefu yenye mawe mbwa apite njiani, kwa kuwa nyoka aitwaye bafe hamkimbii mtu wala mbwa.

Na leo je? Leo Bruno anatembea bila kamba katika shamba la jamaa lililozungushiwa ua huko Kitengela, na anaitika kipenga hata ng'ombe wakipita nje ya waya. Karura huenda, kwa kamba, kama kanuni za msitu zinavyotaka, na hata zisingetaka ningesema hivyohivyo kwa sababu ya paa na tumbili waliomo. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa wa nyumbani, na ni sawa. Ngong amerudi, lakini kamba ya mita 10 haimtoki. Mama aliniuliza lini ataweza kumwachilia pale, na nilimwambia wazi kwamba sitegemei kusema ndiyo, hata Bruno akiitika mara mia mfululizo. Vilima vile vina mifugo isiyo na ua, ya watu wanaosomesha watoto kwa mbuzi haohao. Ubora wa mafunzo ya mbwa wangu haumpi mtu mwingine wajibu wa kubeba hatari ya siku ile moja ambayo yatashindwa. Najua wapo wakufunzi ninaowaheshimu wasiokubaliana nami hapa, wanaosema mbwa aliyefunzwa kikamilifu anaweza kuachiliwa popote. Sijawahi kukutana na mbwa wa namna hiyo, hasa wa aina hii.

Kabla hajapanda sasa, mama humpigia simu mzee kuuliza mifugo iko upande gani siku hiyo, naye hushika upande mwingine. Yule kijana mchungaji amemgusa Bruno kichwani, mbuzi wakiwa mbali.

Sungura bado wanatushinda. Mbuzi huonekana kwa mbali na hutoa nafasi ya kufikiri. Sungura huchomoka miguuni mwa Bruno, na hapo kipenga huja kimechelewa. Tumeanza kumzoesha na ngozi ya sungura inayoburutwa kwa uzi, kwanza polepole, Bruno akiwa amelala na amri ya "Lala" ikiwa imetangulia. Mara nyingi hulala. Mara nyingine kamba hukaza ghafla mikononi mwa mama, na tunarudi hatua moja nyuma.